Kifaranga Kisicho na Mawe

Kabla hujasoma mstari wa pili, mwanangu, inuka ukaitafute rimoti ndogo ya spika yako, ile nyembamba kama biskuti. Igeuze. Kama kifuniko chake cha nyuma kimelegea, au umekibana kwa selotepu, iweke juu ya kabati, mbali na mkono wa mtoto, ndipo urudi kuketi. Nitakungoja.

Umerudi? Haya. Nawaandikia nyinyi mnaofungua deikea, vituo vya kulelea watoto, majumbani kwenu, sebuleni, barazani, hata kwenye vyumba vya juu vya maghorofa ya Kariakoo ambako mtoto akitaka kuona udongo lazima ateremshwe kwa lifti. Mimi nimestaafu. Kituo changu cha Mtaa wa Sikukuu nimemwachia Tausi, aliyekuwa msaidizi wangu. Nimemwachia funguo, mikeka, masufuria na wazazi wasumbufu. Hofu sikuweza kumwachia. Nimestaafu nayo.

Niruhusuni kwanza nijisifu, maana asiyejisifu mjini hapa husubiri kusifiwa matangani. Niliondoka Dar na begi moja. Uingereza nilianza kwa kusugua vyoo vya kituo cha watoto. Nikawa napita madarasani na ndoo yangu, nasikiliza. Mwisho nikaiweka ndoo chini, nikasoma jioni baada ya kazi, nikapata diploma ya malezi ya watoto wadogo, nikaajiriwa kuwa mlezi kwenye kituo kilekile. Hakuna mjomba aliyenilipia wala mume aliyenishika mkono. Niliporudi, jirani mmoja aliniuliza kama ndege yote ile nimeipanda ili nije kuosha mavi ya watoto Kariakoo. Nikamwambia ndiyo, ila sasa nayaosha kwa diploma. Diploma yenyewe ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya mninga, na mzazi aliyeleta mtoto kwangu aliisoma kwanza, ndipo akakaribishwa maji.

Katika yote niliyosomea, ni picha moja tu iliyonifuata hadi nyumbani. Ilibandikwa ukutani kwenye chumba chetu cha chai kule: picha ya eksirei ya shingo ya mtoto, na katikati ya shingo duara jeupe. Mwalimu wetu alituambia ile ni betri bapa ya saa, kama kidonge. Ikikwama kooni, mate ya mtoto yanaiamsha, nayo inaanza kuunguza nyama. Haitoi moshi. Pengine hata damu haitoki. Ndani ya saa mbili tu inaweza kuwa imeunguza vibaya, na mtoto huenda asilie kilio cha kukushtua. Anatoa udenda, anakataa uji, anakutazama.

Nilikunywa chai yangu chini ya picha ile kwa miaka. Ndiyo sababu nyumbani kwangu hakuingia mdoli wa betri, na waliosema ni ubahili niliwaacha waseme. Baba mmoja aliniuliza mbona midoli yangu haiwaki taa. Nikamwambia watoto wenyewe wanawaka vya kutosha.

Sasa sikilizeni jinsi ya kuchagua, kwa sababu wengi wenu mnachagua kwa macho, na mdoli hauchaguliwi kwa macho. Mimi nilichagua kwa meno. Pale karibu na Mtaa wa Kongo kuna muuzaji wa jumla, namwita Kirit, Mhindi ambaye babu yake alizaliwa Kariakoo na Kiswahili chake kinaweza kukuuzia mwavuli kiangazi. Yeye aliniita Mama Diploma. Nilikuwa nikifika dukani kwake naokota gari la mbao, nang'ata gurudumu, navuta, natikisa, nanusa rangi.

"Mama Diploma," aliniambia siku moja mbele ya wateja, "leo unanunua au nikuletee chumvi na ndimu?"

Wateja walicheka, nami nikaendelea kung'ata, kwa sababu gurudumu lililong'oka mdomoni mwangu halitang'oka mdomoni mwa mtoto wa mtu. Siku nyingine aling'ata yeye mwenyewe kabla sijafika, akanionyesha alama za meno kama muhuri wa ubora.

Chukua kiini cha karatasi ya chooni, lile bomba la boksi linalobaki karatasi ikiisha. Kitu chochote kinachopita humo ndani ni kidogo mno kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Mdoli wa kitambaa, vuta macho yake kwanza. Kama ni vifungo vilivyoshonwa, vitoe uchore macho kwa uzi. Vipande vya mbao niliviomba kwa mafundi wa fanicha wa Keko, mabaki ya mvule na mkongo, wakavipiga msasa. Usivipokee kwa kuvipapasa tu. Pitisha mtandio mwepesi juu ya kila kipande; mtandio ukinasa, kirudishe. Vifuu vya nazi vilivyosuguliwa, vikombe vya plastiki vya kuingiliana, chupa ya maji iliyotiwa choroko na kufungwa kwa gundi na utepe hadi wewe mwenyewe ushindwe kuifungua. Magari ya mtaani yenye magurudumu ya kandambili ni mazuri kuliko mengi ya dukani, ila nyaya zake ziishie ndani ya mbao. Na msinunue filimbi. Mimi niliwahi kuwanunulia watoto wote filimbi. Tulidumu nazo asubuhi moja.

Hayo ndiyo mambo rahisi. Lililonitia hofu halikuhusu mbao wala rangi. Lilikuwa neno.

Mlangoni nilikuwa nimebandika kibao: MIDOLI YENYE MAWE HAIINGII. Nyinyi vijana mnasema betri. Lakini watoto wengi kwangu waliletwa na bibi zao, kina mama wa Kariakoo na Magomeni waliokulia kwenye redio ya mbao, na kwao betri ni ya gari. Za redio na tochi ni mawe. Nikaandika kwa lugha yao, na nilijivunia kibao kile karibu kama diploma. Kilinichekesha pia. Mama mmoja kijana, mgeni wa neno hilo, alikaa barazani akitoa kokoto moja moja kwenye kayamba ya mwanawe ili aruhusiwe kuingia. Sikuona bado kwamba neno lenyewe lilikuwa limezeeka, na kwamba vitu vimekuwa vidogo kuliko jina lake.

Bi Mwanahawa alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, katika moja ya nyumba za Kiswahili chache zilizobaki kati ya maghorofa. Ukoo wao uko pale tangu mtaa haujawa na lami. Kila asubuhi alimleta mjukuu wake, Samira, aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno mawili. Mama yake Samira alifanya kazi Kigamboni. Alivuka kwa pantoni pale Magogoni mapema, akarudi jioni. Mchana kutwa, mtoto alikuwa wa bibi na wangu.

Siku hiyo mimi nilikuwa uani nikiosha vikombe. Tausi alikuwa mlangoni akipokea watoto. Samira alikuja amekumbatia kifaranga cha plastiki cha njano, bibi yake kamnunulia jana yake kwa machinga. Tausi, ambaye nilimfundisha vizuri, aliuliza kama kifaranga kina mawe.

"Hakina, mwanangu," alijibu Bi Mwanahawa. "Nimekigeuza mwenyewe. Hakina hata pa kutilia mawe."

Na hakusema uongo. Mawe aliyoyajua yeye ni yale manene ya tochi, na hakuna namna yangeingia kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Tausi akaangalia, akaona kweli, akakipitisha.

Kilichonifikia mimi uani ni wimbo. Mwembamba, wa haraka, kama mbu aliyesoma muziki. Nilikuwa na kikombe mkononi. Katika nyumba yangu hakukuwa na kitu kinachoimba ila koo za watu, na ile haikuwa koo ya mtu. Kabla sijasimama, wimbo ukakatika katikati. Niamini nikikwambia kwamba wimbo wenyewe haukunitisha kama ule ukimya ulioufuata.

Niliingia ndani nikitembea, kwa sababu mlezi akikimbia watoto wote hukimbia. Kifaranga kilikuwa kwenye mkeka, tumbo wazi. Kifuniko kidogo kilikuwa pembeni, hakikuwa na skrubu, kilikuwa cha kubonyeza tu. Samira alikuwa amekaa, kidevu kimelowa, mkono mmoja kifuani. Tausi alikuwa amepiga magoti mbele yake, akinitazama kwa uso uliotulia.

"Mwalimu, amemeza hela," alisema. "Nimemuuliza, kaniambia mwenyewe: hela, am."

Kwa Samira kila kitu cha duara kinachong'aa kilikuwa hela. Kifungo, kizibo, mwezi. Nilipekua mkeka kwa viganja vyote viwili, nikainua kila mto, nikawapangusa watoto wengine midomo. Hakukuwa na kitu. Nikamwita kwa jina. Akanitazama, udenda ukashuka, akajaribu kumeza akakunja uso. Ndio uso alioueleza mwalimu wetu chini ya picha ile.

Nilimtuma Tausi amwite Bi Mwanahawa, nami nikampigia mama yake Samira. Simu iliita hadi ikachoka. Bibi alifika haraka kuliko nilivyotarajia, khanga imefungwa vibaya, mkononi ndizi mbivu. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku tayari anaimenya.

Akanituliza yeye mimi. Akasema watoto wa ukoo wao wamemeza hela tangu enzi za senti zenye tundu. Baba yake Samira alimeza mbili kwa mpigo, zikatoka kesho yake, na moja ilinunua chumvi ya futari. Dawa ni ndizi, ndizi inaisukuma. Na mtoto hapelekwi hospitali kupigwa picha za mashine kwa ajili ya shilingi, tena mama yake hayupo.

"Mama, usimlishe kitu," nikasema. "Hata maji."

"Mwanangu, diploma yako naiheshimu. Lakini huyu ni mjukuu wangu."

Ndizi ilikuwa imefika mdomoni mwa mtoto. Nikaushika ule mkono. Hapo ndipo mjue hofu ni nini, nyinyi mnaosema mnaogopa ukaguzi. Mimi nimeushika mkono wa mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mbele ya watoto, katika mtaa ambamo mababu zake wamezikwa na mimi nilirudi na begi. Kama nimekosea, kituo changu kimekwisha siku hiyo, na jina langu litakuwa la yule aliyetoka Ulaya akawavunjia heshima wazee. Na kama nimepatia, basi kuna kitu kinaunguza koo la mtoto huku sisi tunavutana na ndizi. Nilijikuta naomba kwa moyo wangu wote niwe nimekosea.

Kumweleza mambo ya mate na umeme kungechukua muda ambao sikuwa nao. Nikaokota kifaranga mkekani nikamwekea kiganjani.

"Mama, jana kilikuwa kinaimba?"

Akasema kiliimba mpaka kikawakera.

"Kibonyeze."

Akakibonyeza. Akakibonyeza tena, kwa kidole gumba, kwa nguvu. Watoto wote walisogea, wakingoja wimbo.

"Basi wimbo wake uko wapi?" nikamuuliza.

Alikigeuza, akaona lile tundu la duara tumboni mwake, dogo, lililozidi kifungo cha shati kidogo tu. Akaingiza ncha ya kidole ndani. Kisha akamtazama Samira kooni, na nikaona uso wake ukizeeka mbele yangu.

"Tumbebe," akasema.

Bajaji ilikuwepo kwenye kona. Tausi alibaki na watoto. Njia ya kutoka Kariakoo mnaijua; kila mkokoteni wa mzigo ulikuwa na haki kuliko sisi. Nilimpakata Samira amekaa wima, nikimhesabia pumzi kwa mkono mgongoni. Bi Mwanahawa alikuwa bado ameshika ndizi. Hakuila, hakuitupa. Kila tuliposimama, nilisikia kutoka pembezoni, kwenye meza za machinga, midoli ikiimba. Wimbo uleule. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuusikia, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Ulikuwa kila mahali.

Hospitali, msichana wa mapokezi alituuliza mtoto anaumwa nini. Bi Mwanahawa, kwa mazoea ya mdomo, akasema amemeza hela, na yule msichana akatuonyesha benchi. Nikasema hapana, si hela, ni betri ya saa, na simtoi mtoto huyu mbele ya dirisha hili mpaka daktari aje. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kiingereza cha darasani, kile ninachokiweka akiba. Mnaweza kucheka. Elimu niliyoilipia mwenyewe siku hiyo niliitumia yote, hadi matamshi.

Daktari alikuwa kijana. Alituita wote wawili tutazame picha ya eksirei, labda kwa sababu alituona hatuwezi kukaa. Shingo. Duara jeupe. Nilidhani nimerudi chumba cha chai.

"Hela ina ukingo mmoja," alisema, akipitisha kalamu pembeni. "Angalieni hapa. Duara ndani ya duara. Hii ni betri."

Bi Mwanahawa aliuliza kama angempa ndizi ingekuwaje. Daktari alisema wangelazimika kwanza kungoja kabla ya kumlaza kwa dawa ya usingizi, au wangemlaza kwa hatari. Kisha akaondoka na mtoto. Bibi aliitazama ile ndizi, iliyokuwa sasa uji mkononi mwake, na alikuwa hajui aiweke wapi. Nilivua mtandio wangu nikaipokea.

Tulikaa. Sitawaeleza kukaa kule. Mama yake Samira, niliyempata kwa simu tukiwa tunangoja, alifika akiwa amekimbia kutoka Magogoni, viatu mkononi. Alikaa katikati yetu, akatushika mikono wote wawili. Betri waliitoa. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi upande mmoja. Daktari alisema koo limeungua ila halikutoboka, na kwamba tungechelewa nusu saa nyingine, mazungumzo yasingekuwa haya. Mtoto alilishwa kwa mpira kwa muda, akapona, akarudi kwangu akiwa mwembamba na mwenye hasira, akadai kifaranga chake.

Nilikishusha kibao changu. Nilikiandika upya kwa maneno ambayo hata asiyejua kusoma angeweza kuyafanyia kazi akisomewa: KINACHOIMBA CHENYEWE, KINACHOWAKA CHENYEWE, KINACHOTEMBEA CHENYEWE, KISIINGIE. Hilo ndilo nawaachia, mabinti. Msimuulize mzazi kama kina betri, kama kina mawe, kama kina chaji. Maneno hayo kila mtu ana yake. Mmuulize kinafanya nini chenyewe. Mdoli mzuri haufanyi chochote mpaka mtoto aufanyie. Na siku mtu akikwambia mtoto kameza hela, na hukuiona hela ikiingia, usilishe, usitapishe, beba.

Bi Mwanahawa bado yupo. Mkipita Mtaa wa Kongo, bibi mfupi wa buibui jeusi, mtamwona amesimama kwenye meza za midoli akibonyeza matumbo moja baada ya jingine. Kinachoimba anakirudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha kaa la moto. Machinga wanamjua. Wanamwambia, "Bibi, utatumalizia mawe," naye hacheki.

Samira sasa ni msichana wa sekondari. Likizo huja kumsaidia Tausi, nami huja kukaa barazani kuwakosoa. Sauti yake haikurudi ilivyokuwa. Ni ya chini, imekwaruza, kama inatoka nyuma ya mlango. Mama yake huwaambia watu ni mafua. Yeye mwenyewe haoni haya, anapenda kuwaimbia wadogo wakati wa kulala mchana, na wanampenda kuliko wote.

Juzi alikuwa akiwaimbia hivyo, nami nasikiliza dirishani. Mtoto mmoja mgeni, mvulana asiyezidi miaka miwili, alimtazama sana mdomoni. Kisha akatambaa hadi mapajani pake, akainua ncha ya blauzi yake, akaanza kumbonyeza tumbo huku na huku kwa kidole, akitafuta mahali pa kufungulia.

Wote walicheka, na Samira akacheka kwa sauti yake ile. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kwenda kumuuliza mama yake nyumbani kwao kuna nini kinachoimba.